Nahodha, Maharamia na Kaka Aliyesinzia: Nimwamini Mtazamaji Yupi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kabla sijaitazama filamu ya Captain Phillips nilisoma maoni mengi ya waliokwisha kuiona, nikachanganyikiwa. Mmoja anasema roho ilikuwa juu tangu mwanzo hadi mwisho. Mwingine anasema nusu ya pili inajikokota. Wa tatu anasema ni uongo, mabaharia wenyewe wameikana. Wa nne anasema ni tangazo la jeshi la Marekani na Wasomali wametukanwa. Nikaitazama na kaka yangu. Mimi nilikunja ngumi mpaka majina yakaanza kupita. Yeye alisinzia maharamia na nahodha walipokuwa ndani ya lile boti la kuokolea. Anadai Kapringen, ile filamu ya Denmark, ndiyo yenye taharuki ya kweli, wakati mimi naona mle ni watu kuongea kwenye simu tu. Nani kati yetu hajui kutazama? Na maoni ya watu niyapimeje?

JIBU: Marahaba. Nianze na lile boti, maana ugomvi wenu wote umo humo ndani, na nusu ya ugomvi wa watazamaji wengine pia.

Captain Phillips, aliyoiongoza Paul Greengrass na kutoka mwaka 2013, inasimulia kisa cha kweli cha maharamia wanne wa Kisomali walioivamia meli ya mizigo ya Marekani na kuondoka na nahodha wake, Phillips, anayeigizwa na Tom Hanks. Ina dakika 134, lakini kwa kweli ni filamu mbili zilizoshonwa pamoja. Ya kwanza ni ya meli. Nukta mbili zinatokea kwenye rada, zinageuka kuwa mashua mbili, nahodha anaongeza mwendo, anajifanya anazungumza na jeshi la wanamaji kwenye redio ili maharamia wanaosikiliza waogope. Siku hiyo anaponea. Kesho yake inarudi mashua moja, na safari hii ina ngazi. Humu taharuki ni ya hesabu, na mtazamaji anaweza kuipiga mwenyewe: wako umbali gani, ubavu wa meli una urefu gani, mpira wa kurushia maji ulioacha nafasi ya kupandia uko upande upi. Hata asiyewahi kupanda meli anaelewa. Ndiyo maana maoni yote, ya wasifiaji na ya walalamikaji, yanakubaliana kuhusu saa ya kwanza. Hujasoma mtu hata mmoja aliyesinzia pale ngazi inaponasa.

Filamu ya pili inaanza wanne wale wanapoondoka na Phillips ndani ya boti la kuokolea, dude la rangi ya chungwa lililofunikwa juu, joto kama tanuri. Hapo mizani imegeuka, na wengi hawakuona ilipogeuka. Vijana wanne waliokuwa tishio kwa meli nzima sasa wako ndani ya kopo, mmoja ana jeraha la mguu, wakubwa wao hawapokei wito, na mbele yao imesimama manowari ya Marekani. Swali la saa ya kwanza lilikuwa "watamuua?" Swali la boti ni jingine: "hawa wanne watajua lini kwamba wamekwisha?" Anayeendelea kusubiri jibu la swali la kwanza ataona filamu inajikokota, maana moyoni anajua kwamba Tom Hanks hafi. Aliyelisikia swali la pili atakunja ngumi kama wewe.

Kwa hiyo mtu akikuambia "nusu ya pili ni ndefu", usimdharau, lakini muulize ni ndefu kuanzia wapi. Mimi nampa haki kwa kiasi fulani. Kuna kipande ambacho Greengrass anaturudisha mara kwa mara kwenye vyumba vya jeshi, skrini, amri na vyeo, na kila tukitoka kwenye boti joto linapungua. Ningekuwa na mkasi ningekata dakika kumi hapo. Ndani ya boti lenyewe nisingegusa kitu.

Sasa neno lenyewe, taharuki. Shuleni tunafundishwa kwamba ni ile hamu ya msomaji kutaka kujua litakalofuata. Kwa hadithi nyingi maana hiyo inatosha. Kwa filamu hii haitoshi hata kidogo, kwa sababu litakalofuata lilijulikana dunia nzima. Meli ya Maersk Alabama ilivamiwa tarehe 8 Aprili 2009 ikitoka Djibouti kwenda Mombasa, ikiwa na mabaharia 20 na ndani ya shehena yake kukiwa na chakula cha msaada. Tarehe 12 wadunguaji wa SEAL, makomando wa jeshi la wanamaji la Marekani, wakiwa juu ya manowari Bainbridge, waliwaua maharamia watatu. Wa nne, kiongozi wao Abduwali Muse, alikuwa tayari amechukuliwa kwenye manowari kwa mazungumzo. Mwezi Februari 2011 mahakama ya New York ilimfunga miaka 33 na miezi 9. Yote hayo yalikuwa kwenye magazeti kabla filamu haijapigwa. Mtu aliyesoma magazeti hayo anakaza ngumi kwa lipi?

Nadhani Kiswahili cha nyumbani kinajibu vizuri kuliko kitabu cha uhakiki. Mtu akitaharuki hatumaanishi ana hamu ya kujua. Tunamaanisha ameshtuka, damu imekwenda mbio, mwili umetangulia kabla akili haijafika. Greengrass, ambaye alitoka kwenye uandishi wa habari na filamu za kumbukumbu, anafanya kazi na mwili huo. Mpigapicha wake, Barry Ackroyd, anashika kamera mkononi, inahema na kuyumba na wahusika. Na kuna hila moja ya upigaji inayostahili kujulikana: Hanks na wale waigizaji wanne wa Kisomali waliwekwa mbali makusudi, wasionane hadi siku ya kupiga picha ya maharamia kuingia kwenye chumba cha usukani. Mshtuko unaouona usoni mwao una ukweli ndani yake. Hata ile kauli fupi ya Muse, kumwambia nahodha amtazame na ajue kwamba nahodha sasa ni yeye, Barkhad Abdi, anayemwigiza Muse, aliibuni papo hapo. Abdi alikuwa dereva wa kukodiwa mjini Minneapolis, hajawahi kuigiza filamu. Aliteuliwa kuwania Oscar, akashinda BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, ya mwigizaji msaidizi. Hanks hakuteuliwa na Oscar kwa kazi hii, jambo ambalo watazamaji wengi bado wanalinung'unikia, na mimi nimo.

Nimo kwa sababu ya zile dakika za mwisho. Phillips ameokolewa, anaingizwa kwenye chumba cha matibabu cha manowari, na mhudumu anamuuliza maswali ya kawaida kabisa: unaumwa wapi, damu hii ni ya nani. Anashindwa kujibu. Maneno yanatoka vipande vipande, mwili unatetemeka. Tukio hilo halikuwemo kwenye mswada. Mhudumu yule si mwigizaji, ni mhudumu wa afya wa jeshi la wanamaji aliyeambiwa afanye kazi yake kama siku zote. Sijaona tukio jingine katika filamu za aina hii linalolipa deni la saa mbili kwa namna ile. Kwa filamu nzima kila mtu ameigiza utulivu: nahodha mbele ya maharamia, Muse mbele ya wenzake, makamanda mbele ya redio. Mtu wa kwanza kuacha kuigiza ni huyu, na anaacha wakati hatari imekwisha. Maoni mengi uliyoyasoma nina hakika yamelitaja tukio hili, hata yale yaliyoikaanga filamu kwingineko. Wapinzani wakikubaliana juu ya tukio moja, hapo unaweza kuamini macho yao.

Tuje kwa yule aliyesema ni uongo. Huyu ana hoja, ila ametumia neno kubwa kuliko hoja yake. Ni kweli baadhi ya mabaharia wa meli ile walikwenda mahakamani wakidai kwamba meli ilipitishwa karibu mno na pwani ya Somalia ilhali onyo la kukaa mbali lilikuwepo. Na ni kweli kwamba filamu imetokana na kitabu cha Phillips mwenyewe, basi jicho lake ndilo lililotawala. Aliyemkamata kiongozi wa maharamia gizani kwenye chumba cha injini hakuwa nahodha, alikuwa mhandisi mkuu wa meli. Filamu inaonyesha mabaharia wakimkamata, lakini haimpi mtu huyo uzito, na kabla ya hapo inawaonyesha mabaharia wenzake zaidi kama watu wa kulalamika kuhusu mkataba wao. Jina la filamu limekwisha kusema nani mwenye mali.

Lakini pima hivi: anayeipinga anapinga kwamba jambo lilitokea, au anapinga kwamba sifa imegawiwa vibaya? Meli ilivamiwa, umeme ulikatwa, mabaharia walijificha chini, kiongozi wa maharamia alikamatwa, mpango wa kubadilishana mateka ukaharibika, nahodha akabaki mikononi mwao, akajaribu kutoroka kwa kuogelea akakamatwa tena. Hayo yote yalikuwa. Kilichobishaniwa ni ushujaa wa nani na uzembe wa nani, na filamu ya dakika 134 si mahali pa kukata kesi hiyo. Mtazamaji anayesema "mabaharia wamepunjwa" namwamini. Anayesema "uongo mtupu" namwomba anitajie tukio.

Malalamiko mengine yanayojirudia ni ya watu kushangaa kwamba meli kubwa vile inajitetea kwa maji na fataki. Hayo ni rahisi kuyajibu: wakati ule meli za biashara kwa kawaida hazikubeba silaha. Walinzi wenye bunduki walikuja kuenea baadaye, pamoja na nyaya za miba ubavuni na vyumba vya kujifungia. Mwendo nao ni kinga. Mwongozo wa kampuni za meli ulikuja kusema kwamba hakukuwa na taarifa ya maharamia kupanda meli iliyokuwa ikienda kwa mwendo wa zaidi ya noti 18, yaani kama kilomita 33 kwa saa. Filamu haikukosea hapo.

Suala la Wasomali ni zito zaidi. Wanaosema wametukanwa na wanaosema filamu imewatetea maharamia wametazama filamu moja, na wote wawili wana ushahidi. Filamu inatupeleka Eyl, kijiji cha pwani ya Somalia, mapema kabisa, dakika chache baada ya kumwona Phillips na mkewe ndani ya gari nchini kwao. Watu wenye bunduki wanafika kijijini, bosi anataka meli nyingine, na vijana wanajipanga ufukweni kuchaguliwa kama vibarua wa siku. Hilo si tusi. Ni picha ya kazi, na mpangilio wenyewe unamweka Muse kama mtu mwingine anayekwenda kazini kwa agizo la mkubwa. Baadaye Phillips anamwambia lazima kuna kazi nyingine zaidi ya kuvua na kuteka watu, na Muse anamjibu kwa ufupi kwamba labda huko Marekani. Watazamaji wengi wanalikumbuka jibu hilo kuliko risasi zote.

Ila jibu hilo linabebeshwa mzigo mkubwa mno. Serikali ya Somalia ilianguka mwaka 1991, meli za kigeni zikavua bila ruhusa kwenye maji yake, na wavuvi walipoanza kuzifukuza walikuwa na sababu. Baadaye kazi ile iligeuka biashara yenye wafadhili, wakalimani, wahasibu na walinzi wa mateka, na wengi walioingia hawakuwa wamewahi kushika wavu. Filamu inagusa mwanzo huo kwa sentensi mbili tatu za Muse, na mwisho huo kwa bosi mmoja asiye na uso. Katikati hamna kitu. Wale watatu wengine ndani ya boti wamepata hasira, woga na ujana, lakini hawakupata nyumbani kwao. Anayelalamikia hilo nakubaliana naye. Akitaka kuwaona vijana hao wakiwa na wake na madeni, atafute Fishing Without Nets ya mwaka 2014, ambayo imesimuliwa upande wa maharamia toka mwanzo.

Kuhusu kuitwa tangazo la jeshi: jeshi la wanamaji la Marekani lilishirikiana na watengenezaji na kuwapa meli za kupigia picha, kwa hiyo mtazamaji huyo hajaota. Angalia tu jinsi ushindi wenyewe unavyoonyeshwa. Risasi zinalia mara moja, watatu wanaanguka, na kamera inabaki na mtu aliyefunikwa uso, amerowa damu ya wengine, anapiga kelele. Hakuna anayeshangilia. Tangazo lingemaliza kwa bendera. Kumbuka pia wakati ilipotoka. Mwaka 2011 mashambulizi yaliyohesabiwa kuwa ya maharamia wa Kisomali yalifika 237. Mwaka 2013, filamu ikiwa kwenye majumba ya sinema, yalikuwa 15. Watu waliitazama kama habari iliyokwisha, na habari iliyokwisha ni rahisi kuifanya ya ushujaa.

Sasa Kapringen na kaka yako.

Iliongozwa na Tobias Lindholm, ikatoka mwaka 2012. Jina lake lina maana ya utekaji, na utekaji wenyewe hauonyeshwi. Hilo ndilo la kwanza kuwakera watazamaji: tunamwona mpishi Mikkel akiongea na familia kwa simu, tunahamia ofisini Copenhagen, na huko mkuu wa kampuni ndipo anapoambiwa meli imetekwa. Hakuna ngazi wala kufukuzana. Kuanzia hapo filamu inakwenda na kurudi kati ya meli inayonuka na chumba cheupe chenye ubao, na kinachoendelea ni kupatana bei. Maharamia wanaanza na dola milioni 15, kampuni inaanza na 250,000. Mshauri anamwambia mkuu wa kampuni kwamba akikubali haraka, wataona wamedai kidogo, na watadai zaidi. Kwa hiyo ili watu wake wapone, lazima awaache wateseke. Mtu aliyewahi kubembeleza bei anaijua hila hiyo ya kugeuza mgongo ili uitwe. Humu anayegeuziwa mgongo ni binadamu.

Taharuki yake iko kwenye kimya. Simu zilipigwa kweli, za setilaiti, na sauti inachelewa kufika kama inavyochelewa baharini. Mshauri anaigizwa na mtu ambaye kazi yake nje ya sinema ilikuwa hiyo hiyo. Meli iliyotumika, Rozen, iliwahi kutekwa na maharamia mwaka 2007. Na yule Omar, mzungumzaji wa upande wa maharamia, anayekasirika akiitwa haramia kwa sababu yeye ni mkalimani tu, ni mhusika ambaye ningempa filamu yake peke yake. Filamu inahesabu siku kwenye skrini, na kila namba mpya inakupiga kwa kuwa hakuna kilichotokea.

Wewe unasema ni watu kuongea kwenye simu. Ndivyo utekaji wa meli ulivyokuwa kwa wengi. Siku tano za Phillips zilikuwa kitu cha pekee. Mabaharia wa meli ya Denmark, Danica White, walikaa siku 83 mwaka 2007. Wa meli ya Iceberg 1 walikaa karibu miaka mitatu. Wa meli ya uvuvi Naham 3, waliokamatwa mwaka 2012, waliobaki hai waliachiwa Oktoba 2016. Hao hawakuokolewa na manowari. Kama kaka yako anasema Kapringen iko karibu zaidi na ukweli wa mateka, nasimama naye bila kusita, na kama filamu nzima kwa filamu nzima mimi pia naichukua hiyo. Lakini haina dakika hata moja ya kushindana na Phillips kwenye kile kitanda cha matibabu, na nimeitazama mara nne nikiitafuta.

Basi hakuna kati yenu asiyejua kutazama. Wewe mwili wako unaitikia hatari inayokuja mbio, yeye unaitikia ile isiyokuja. Unaposoma maoni ya mtu usitegemee nyota alizotoa. Tafuta kama ametaja mahali. "Nilichoka" halikusaidii. "Nilichoka tulipohamia kwenye skrini za jeshi" linakusaidia, maana unaweza kwenda kuangalia kama wewe pia.

Fanya hivi na kaka yako. Rudieni kuanzia boti linaposhushwa majini, na mwombe amfuate Muse badala ya Phillips. Ahesabu ni mara ngapi kijana huyo anamwambia nahodha kwamba kila kitu kitakuwa sawa, na kila mara atazame anamwambia nani hasa. Akisinzia tena, mwulize alisinzia wapi. Kama ni pale makomando wanaporuka kutoka kwenye ndege, mwache alale; hapo hata mimi huinuka nikanyoosha miguu.